Kibanda cha abiria, tangazo la biashara, na nani hasa anayelipa

Kampuni ya matangazo ikifika halmashauri na kusema itajenga vibanda vya abiria bila jiji kutoa hata shilingi, wengi wetu tunashika hapo hapo: hata shilingi. Tunafurahi. Nani asiyetaka kivuli? Lakini jiji linalipa, tena kwa muda mrefu. Linampa mtu mmoja haki ya kuuza macho ya watu wanaopita kwenye barabara ya umma kwa miaka kumi, kumi na mitano, pengine ishirini. Mali hiyo haimo kwenye vitabu vya hesabu vya jiji, ndiyo maana ni rahisi sana kuitoa kwa bei ya chini.

Naandika haya kwa sababu mpango huu, ukifanywa vizuri, naukubali. Na Tanga inavihitaji vibanda. Mchana wa Februari, abiria wanaongoja daladala ya Pongwe au ya Amboni hawasimami kituoni. Wametawanyika. Wawili wako chini ya mkungu, mzee amekalia tairi la fundi baiskeli, na mama aliyetoka Hospitali ya Bombo na mtoto mgongoni amejibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha duka. Gari likitokea wote wanakimbilia mlango mmoja, na mama mwenye mtoto ndiye anayefika wa mwisho. Masika yakiingia, Machi hadi Mei, mvua ya pwani mara nyingi haishuki wima. Upepo wa baharini unaisukuma, inaingia ubavuni. Paa peke yake halimsaidii mtu.

Kujenga kibanda si kazi ngumu. Mafundi wa kuchomelea wapo tele, mabati yapo, saruji inasagwa hapo hapo Pongwe. Kazi ni kukiweka kibanda kikiwa hai. Kila mmoja wetu amekiona kibanda kilichozinduliwa kwa utepe, na baada ya misimu michache bati moja limepeperuka, benchi limekatwa likaenda kwenye vyuma chakavu, na sehemu iliyobaki imekuwa duka la vocha na viatu vya mitumba. Bajeti ya kujenga hupatikana, hata kwa msaada wa mfadhili. Bajeti ya kufagia, kupaka rangi na kubadilisha bati haina mfadhili, na inapogombania mapato ya ndani pamoja na madawati, dawa na mishahara ya vibarua, hushindwa kila mwaka.

Hapo ndipo tangazo linapoingia, kwa sababu tangazo linaingiza fedha kila mwezi, na matunzo yanakula fedha kila mwezi.

Wazo lilikotoka

Mfaransa Jean-Claude Decaux alianza na mabango ya kando ya barabara miaka ya 1950. Mwaka 1964 serikali ya Ufaransa ikayawekea mabango hayo kodi nzito, na biashara yake ikawa hatarini. Akaenda kwa jiji la Lyon na pendekezo lililogeuza mambo: yeye atajenga vibanda vya mabasi, atavisafisha na kuvitengeneza kwa gharama zake, na jiji litamwachia nafasi ya matangazo kwenye vibanda hivyo. Lyon ilikubali mwaka huo huo. Kampuni yake leo inafanya kazi katika nchi zaidi ya 80, na mtindo huo umeigwa na wengi wanaouza matangazo ya barabarani.

Katika simulizi hiyo, jambo ambalo watu hulipita haraka ni kwamba Decaux alikuwa na wafanyakazi wake mwenyewe wa kuosha vioo na kubadilisha taa. Hakufanya hivyo kwa huruma. Mwenye tangazo hataki picha ya bidhaa yake ikae kwenye kioo kilichopasuka. Kwa hiyo maslahi ya mwenye tangazo na ya abiria yakawa yanakutana kwenye ndoo moja ya maji na sabuni. Hilo ndilo jambo zuri la mpango huu, na nisingependa lipotee katika lawama nitakazozitaja huko mbele.

Hesabu, kwa namba za mfano

Tuchukue namba za kufikirika tu, ili tuone jinsi fedha zinavyotembea. Tuseme kibanda imara cha chuma kinagharimu shilingi milioni 9 na kinadumu miaka 9. Hiyo ni milioni 1 kwa mwaka. Usafi, taa na matengenezo tuseme laki 1 kwa mwezi, yaani milioni 1.2 kwa mwaka. Jumla kibanda kimoja kinakula milioni 2.2 kila mwaka.

Sasa mapato. Kibanda kina bango lenye pande mbili. Kikiwa katikati ya mji, kwenye makutano ambako magari hupunguza mwendo, tuseme upande mmoja unakodishwa kwa laki 4 kwa mwezi na unapata mteja miezi 10 kati ya 12. Pande mbili zinaleta milioni 8 kwa mwaka. Ukitoa gharama, inabaki milioni 5.8.

Kibanda cha pili kiko nje, tuseme barabara ya Mwambani. Upande unakodishwa kwa elfu 50, tena miezi minne tu kwa mwaka. Pande mbili zinaleta laki 4. Gharama ni ile ile milioni 2.2, kwa sababu mvua haipunguzi ukali kwa kuwa uko pembezoni. Hapo kuna pengo la milioni 1.8.

Kwa hesabu hiyo kibanda kimoja cha mjini kinaweza kubeba vibanda vitatu vya pembezoni, kabla ya kodi, mishahara ya ofisi, uchapaji na faida ya mwekezaji. Ukishayatoa hayo, kinabeba kimoja, pengine viwili. Na Tanga si Dar es Salaam. Makutano ambayo kampuni kubwa ingeyalipia bei hiyo ni machache, na mtu anayeijua Ngamiani na Chumbageni anaweza kuyataja bila kushika kalamu.

Kwa hiyo mtu akiahidi vibanda 100 kwa jiji la ukubwa wetu, swali la kwanza la diwani liwe: vingapi kati ya hivyo vina bei, na vingapi vinabebwa?

Tangazo halihitaji abiria

Sehemu hii ndiyo inayonisumbua zaidi kuliko zote.

Tunadhani bango la kibandani linauzwa kwa sababu ya abiria waliokaa ndani. Wamo kwenye hesabu, ndiyo. Lakini thamani kubwa inatoka kwa anayepita: dereva wa gari dogo, abiria wa bajaji, mtu wa pikipiki. Kibanda kinaweza kuwa kitupu mchana kutwa na tangazo likalipa vizuri kabisa. Kinyume chake, kituo kinaweza kuwa na watu 60 kila alfajiri, wanafunzi na kina mama wa sokoni, na kisipate mteja hata mmoja, kwa sababu magari yanayopita ni machache na waliosimama hapo hawahesabiwi kuwa wanunuzi.

Matokeo yake yanajulikana tangu zamani. Ukimwachia mwenye kampuni achague vituo, vibanda vitaota kwenye njia za kwenda Raskazone, upande wa ufukweni, na kuzunguka benki, na waliozoea kuloa wataendelea kuloa. Hana nia mbaya. Anafuata fedha, kama mkataba ulivyomruhusu.

Los Angeles, Marekani, walilionja hili. Mwaka 2001 jiji lilitia saini mkataba wa miaka 20 wa vibanda vya matangazo, ukiahidi vibanda vipya zaidi ya 1,200. Muda ulipokwisha, takriban nusu tu ndivyo vilivyokuwa vimejengwa. Sehemu ya sababu ilikuwa kampuni kukimbilia penye soko, na sehemu ilikuwa jiji lenyewe: kila kibanda kilitakiwa kupitia idara nyingi na idhini ya diwani wa eneo, na urasimu ukaua vingine kabla havijazaliwa. Mwaka 2022 wakabadili utaratibu. Jiji sasa linaweka mtaji wake, linavimiliki vibanda, linamlipa mkandarasi kuvijenga na kuvitunza, na mapato ya matangazo yanarudi mfuko wa jiji.

New York wana mfano mwingine. Mwaka 2006 waliingia mkataba wa miaka 20 na kampuni ya Kihispania kwa vibanda zaidi ya 3,000, vibanda vya magazeti, na vyoo 20 vya umma. Vibanda vya mabasi, vyenye matangazo, vilijengwa. Vyoo vingi vilikaa ghalani kwa miaka. Choo kinahitaji maji, mfereji, umeme na eneo ambalo jirani hatalikataa, na choo hakina haraka ya kuleta mapato. Kile kisicholeta fedha hungojea, hata kiwe kimeandikwa kwenye mkataba.

São Paulo, Brazili, nao walipita njia ya kushangaza. Kwa sheria iliyoanza kutumika Januari 2007, jiji lilipiga marufuku mabango ya biashara karibu yote. Mji ukavuliwa matangazo. Miaka michache baadaye likafungua mlango mmoja mdogo: matangazo yaruhusiwe kwenye vibanda vya abiria na saa za barabarani, kwa zabuni. Fikiria nguvu ya majadiliano ya jiji hilo. Nafasi ya tangazo ilikuwa adimu kwa sababu wao wenyewe waliifanya adimu, kwa hiyo ilikuwa na bei. Sisi tunakaribisha bango kila nguzo, kisha tunashangaa kwa nini bango la kibandani halilipi. Halmashauri inayotaka vibanda vijilipe haina budi kupunguza mabango mengine jirani. Hilo halimfurahishi mtu anayekusanya ada ya mabango, lakini hesabu haikwepeki.

Ukingo wa barabara ni wa nani?

Hapa kwetu kuna fundo ambalo Lyon hawakuwa nalo. Barabara kuu zinazoingia Tanga, ya Segera na ya Horohoro, ziko chini ya TANROADS, wakala wa serikali wa barabara kuu. Mitaa ya ndani iko chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017. Njia za daladala na nauli ni kazi ya LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikachukua nafasi ya SUMATRA. Kibali cha shughuli na usafi wa mji ni halmashauri. Na ada ya mabango yenyewe imewahi kuhama mikono: mwaka 2017 ukusanyaji wake uliondolewa halmashauri ukapelekwa TRA, mamlaka ya mapato.

Sasa weka kibanda kimoja tu kando ya barabara ya Segera, pale Kange. Kiko ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, ambao kwa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ni mita 60 kwa barabara kuu, yaani 30 kila upande kutoka katikati. Kwa hiyo mwenye ardhi hiyo ni TANROADS, na siku akitaka kupanua barabara, kibanda kinaondoka. Abiria wanaokitumia ni wa njia iliyopangwa na LATRA. Taka zake zinazolewa na jiji. Fedha za tangazo ziende wapi? Kama jambo hili halikuandikwa mapema, kila mmoja atadai ada yake, na kampuni itahesabu ada zote hizo ndani ya bei. Mwishoni zinakatwa kwenye bati la paa na mara za kusafisha.

Ndiyo maana naona kosa kubwa ni kuanza na zabuni. Kabla ya zabuni, halmashauri, TANROADS, TARURA na LATRA wakae wakubaliane kwa maandishi mambo machache: vituo viko wapi, ada ya bango la kibandani ni kiasi gani na inaingia mfuko gani, na kibanda kikiondolewa kwa upanuzi nani anakijenga upya. Kama ada inasamehewa, isemwe wazi kuwa imesamehewa na ni shilingi ngapi kwa mwaka. Huo msamaha ndio mchango wa wananchi kwenye mradi unaoitwa wa bure, na wana haki ya kuujua.

LATRA nayo isisahaulike, kwa sababu kibanda ni kituo pale tu daladala inaposimama mbele yake. Konda wetu anasimama penye abiria, na abiria anashuka penye nyumba yake: "Shusha hapo mbele!" Kama gari linasimama mita 50 kabla, kibanda kitabaki cha matangazo na wamachinga. Sina neno baya kwa machinga, anatafuta riziki. Lakini michoro ya vibanda ingemfikiria tangu mwanzo, akapata meza yake pembeni badala ya kukaa kwenye benchi la mgonjwa.

Bango likae upande gani

Jambo dogo la fundi, lakini nimeona likiharibu vibanda vizima.

Sisi tunaendesha kushoto. Ukikaa kibandani ukatazama barabara, gari lako linatokea kulia. Bango likiwekwa upande wa kulia linaziba daladala isionekane, na abiria atatoka kusimama juani ili aione inakuja. Kibanda kimekufa siku ya kwanza. Bango liwe upande wa kushoto. Hapo dereva anayekuja analiona usoni, abiria anaiona barabara, na ubao ule ule unakuwa ukuta wa kuzuia mvua ya ubavuni kwa upande mmoja. Mwenye tangazo hapotezi kitu, na abiria anapata ukuta.

Taa vilevile. Mwenye tangazo anataka bango lake ling'ae usiku, na mwanga huo unamfaa msichana anayesubiri gari saa mbili usiku akitoka kazini. Basi mkataba useme taa iwake hadi daladala ya mwisho, na imulike benchi pamoja na picha. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ipo. Sakafu ya kibanda ikiinuliwa bila mteremko wa kiti cha magurudumu, jiji limejenga kivuli cha baadhi ya watu tu.

Tanga ifanye nini

Kwangu mimi, mkataba wa miaka 20 wa kumwachia mtu mmoja kila kitu hautufai. Kampuni kubwa za matangazo zinapenda muda mrefu kwa sababu mtaji wao unarudi polepole, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini kama hesabu yetu ya mfano ina ukweli wowote, soko la Tanga ni dogo na linabadilika. Bomba la mafuta linaishia Chongoleani, bandari imepanuliwa, barabara ya Pangani inajengwa. Makutano yasiyo na bei leo yanaweza kuwa na bei baada ya miaka mitano, na itakuwa aibu kuwa tumeshayauza.

Ningependa jiji livimiliki vibanda tangu siku ya kwanza. Lianze na vichache, kwa mapato ya ndani au kupitia miradi ya kuboresha miji ambayo Tanga imekuwa ikishiriki. Kisha liuze nafasi za matangazo kwa mkataba wa miaka mitatu hadi mitano, kwa mafungu: kila fungu lina kituo kimoja chenye bei na viwili vya pembezoni, na haiwezekani kununua kimoja bila wenzake. Anayeshinda anatunza vyote vitatu kwa kiwango kimoja. Kioo kikivunjika kitengenezwe ndani ya siku zilizotajwa, na siku zikipita akatwe fedha bila barua wala kikao. Mapato yaingie akaunti ya vituo, isiyoguswa kwa safari wala posho.

Watakaonipinga watasema halmashauri haijawahi kutunza vibanda, itawezaje kuvimiliki? Ni hoja nzito, na siichukulii kirahisi. Kumiliki si lazima kufagia. Wa kufagia ni mkandarasi aliyefungwa na mkataba, na kinachobaki kwa jiji ni kukagua. Mtu mmoja mwenye pikipiki, simu ya kupiga picha na orodha ya vituo anaweza kuvipitia vyote kila wiki. Jiji lisiloweza hilo haliwezi pia kumsimamia mwekezaji wa miaka 20.

Yapo pia matangazo ambayo fedha yake tuikatae. Karibu na shule, bia na kamari zisiwekwe, hata kama ndizo zinazolipa vizuri kuliko zote. Pengo hilo liingizwe kwenye hesabu mapema, si kugunduliwa baada ya zabuni.

Na mkataba wowote utakaokuja, wa mtindo huu au wa ule, nendeni moja kwa moja kwenye kiambatisho cha orodha ya vituo. Kurasa za mbele zitajaa maneno mazuri. Orodha ndiyo inayoonyesha nani atakaa kivulini. Ikiwa inasema tu "vituo vitakavyokubaliwa na pande mbili," diwani wa kata ya pembezoni asiunyooshee mkono mpaka vituo viandikwe kwa majina: Pongwe, Mwambani, Amboni, Kange, na tarehe ya kila kimoja kukamilika, kabla kampuni haijaruhusiwa kutundika tangazo la kwanza katikati ya mji.